Maduka Salama ya Gudele

Wanaume wenye bunduki walivunja mlango wa duka la dada yangu huko mtaa wa Gudele. Wakampiga mumewe kwa kitako cha bunduki mpaka meno yakadondoka kwenye gunia la sukari. Tulitia nyumba na duka kufuli, wakahamia chumbani kwangu, mtaa wa Buluk.

Kazi yangu ni takwimu. Baadaye ofisi yetu ilituma wadodosaji kuuliza nani amevamiwa. Majibu yao niliyaingiza kwenye regresheni ya lojistiki, ambayo huonyesha kama geti, mbwa au duka huongeza au hupunguza uwezekano wa nyumba kuvamiwa. Jibu lilinishtua: nyumba zenye duka zilivamiwa mara chache kuliko nyingine. Uwiano wa uwezekano ulikuwa chini sana ya moja, na mipaka ya uhakika, wa chini na wa juu, ilikuwa imebanana kabisa, kama vile jibu halina shaka. Bosi alichekelea, akaenda kulitangaza redioni. Shemeji akasikia.

"Kalas, basi," alisema na pengo lake. "Duka iko salama. Mimi narudi."

Nilimpigia simu mdodosaji mmoja kumuuliza walivyochagua nyumba.

"Nyumba iko na kufuli, sisi naruka, naenda ya mbele."

Hapo nikaliona kosa. Waliopigwa walikuwa wamefunga na kukimbia, kama sisi. Waliohojiwa ni waliobahatika kubaki. Mipaka ile hupima tu kuyumba kwa sampuli. Haimjui mtu ambaye hakuulizwa kabisa. Nilimwambia bosi, naye akanionyesha tena jinsi mipaka ilivyobanana. Nikarusha kikombe cha chai ukutani, kikapasukia juu kidogo ya kichwa chake.

Nyumbani nilimkuta shemeji ameshafunga begi. Nilimweleza mpaka sauti ikanikauka.

"Shemeji, jana kompyuta yako ilisema hivi, leo inasema vile?" Akacheka.

Niliogopa, maana wale wenye bunduki walikuwa wameapa kummaliza wakimkuta tena. Dada alikwenda kusimama mlangoni na mchi wa kinu.

"Ukitoka, mimi navunja mguu yako."

Alidhani ni mzaha. Akavuka kizingiti, dada akapiga, nami nikasikia mfupa ukilia.

Hospitalini nesi aliuliza nani aliyempiga hivyo.

"Bibi yangu," shemeji alijibu huku machozi yakimtoka.

Dada alimfuta uso kwa kanga, taratibu, na yeye akilia.

"Ukipona ukataka kurudi," akamwambia, "mguu ingine bado iko."