Tapeti Haihami Nyumba

Walimbandika jina la Sikio kwa sababu hakuwa fundi wa kukimbilia spana. Lori likiingia uani, kwanza alifumba macho na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani nyuma ya ukuta, na injini ikamwaga yote yaliyoijaa moyoni. Gereji aliirithi kwa baba yake: banda la mabati, sakafu iliyokunywa oili hadi ikawa nyeusi, na benchi la mbao lenye makovu ya nyundo. Wenye magari walimwamini. Asiyemwamini alikuwa mmoja tu, na huyo walizaliwa naye tumbo moja.

Kaka yake, dereva wa lori la mawe, alipeleka injini yake gereji nyingine, ng'ambo ya soko. "Ndugu na kazi havipikwi chungu kimoja," alikuwa akisema. Ukweli kila mtu aliujua: hakutaka wenzake wa machimboni waseme injini yake inafunguliwa na mwanamke. Ujinga wa aina hiyo bado unatembea mchana kweupe, tena kifua mbele.

Safari hii alikuja mwenyewe, lori likivutwa kwa mnyororo, injini imefunguliwa nusu. Lori lilikuwa likishindwa kupanda mlima wa machimbo na mzigo, kwa hiyo alikuwa ametia kamshafti mpya, ule mhimili wenye nundu unaozunguka ndani ya injini, hii ikiwa na nundu ndefu zaidi, ili injini ipumue vizuri na kupata nguvu. Haikumaliza wiki. Nundu zililika kama sabuni. Sasa kamshafti ya pili, ya aina ileile, ilikuwa kwenye kiti cha lori imefungwa gunia, na kaka amesimama mlangoni mwa banda akitazama viatu vyake.

"Hii ndiyo ya mwisho," alisema. "Ikiliwa na hii, nauza lori."

"Na ukishauza utaendesha nini? Mdomo?" akadakia mkewe, aliyekuwa bado anateremka.

Sikio hakucheka. Lori lile ndilo lililolisha watoto wa kaka na mama yao mzee. "Wifi, mwache kwanza. Kaka, waliweka tapeti gani?"

Hapo kaka akachangamka. Alitoa trei ya mayai iliyokuwa nyuma ya kiti. Kila shimo lilikuwa na tapeti yake, kile kichuma cha duara, kifupi kama betri ya tochi, kinachokaa juu ya nundu ya kamshafti. Nundu huinua tapeti, tapeti husukuma fimbo, fimbo hufungua valvu, mlango wa pumzi ya injini.

"Zilezile za zamani," alisema, "na kila moja ilirudi palepale ilipotoka. Niliwasimamia mwenyewe! Marehemu baba alituambiaje? Tapeti haihami nyumba."

Kweli, baba alisema hivyo, akiwa amewaketisha wote wawili kwenye benchi lilelile. Sikio aliipokea trei kwa mikono miwili na moyo ukamwuma kidogo. Mtoto mtiifu alikuwa ameshika neno la baba yake, na neno limekula chuma.

"Baba alikuwa akisema kuhusu kamshafti ya zamani," alisema polepole. "Tapeti na nundu yake huzeeka pamoja, zinalika kwa kufuatana. Ukizitenganisha zinagombana. Wewe umevunja nyumba, ukajenga nyingine, kisha unawaambia wapangaji warudi vyumbani mwao."

"Unamkosoa baba?"

"Simkosoi baba. Nakukosoa wewe."

"Hapo sasa!" wifi akapiga makofi.

Sikio alichukua tapeti mbili kwenye trei, akazibusisha uso kwa uso. Zilitulia tuli. "Uso wa tapeti nzima umeinuka kidogo sana katikati, jicho halioni. Huo mwinuko ndio unaoifanya izunguke wakati nundu inapoisukuma, isisuguliwe mahali pamoja. Ukikutanisha mbili nzima, zinacheza. Hizi zimebonyea, na kamshafti mpya inataka tapeti mpya. Twende dukani."

Muuza spea aliwapokea na sanduku la tapeti zenye magurudumu chini. "Za kisasa hizi, mama. Kila mtu anazitaka."

"Nzuri kwa kamshafti iliyochongewa magurudumu. Yetu siyo hiyo."

Akaleta sanduku la pili, tapeti zinang'aa kama vijiko vya wageni. Kaka alishanyoosha mkono kuzipokea. Sikio akachukua mbili, akazibusisha. Tuli. Akachukua nyingine mbili. Tuli.

"Dada, unanunua tapeti au unaposa?" muuza spea alicheka.

"Naposa. Na huyu bibi harusi wako ana wajukuu. Mmempiga msasa, mmempaka poda, mmemweka sandukuni."

Kicheko kilimkatika. Alipanda ngazi, akapekua rafu ya juu, akashuka na sanduku lenye vumbi. Ndani tapeti zilikuwa za kijivu, hazina mvuto wowote. Sikio alizibusisha mbili, zikayumba kama kiti chenye mguu mfupi.

"Nipe nijaribu," kaka alisema. Alipima jozi moja, kisha nyingine, na hakutoka pale kaunta mpaka alipozimaliza zote.

Kazi ilifanywa uani. Sikio alipaka nundu zote za kamshafti ya pili grisi nzito, akaiingiza ndani ya injini, akatumbukiza kila tapeti katika tundu lake na kuizungusha kwa kidole. Moja ilikwama, aliitoa, akasafisha tundu, akairudisha mpaka ikateleza. Mwisho alichora alama ya rangi nyeupe kwenye kila fimbo, maana tapeti ikizunguka huizungusha na fimbo yake, na mfuniko wa juu akauacha wazi.

"Washa. Na usiiache injini ishuke! Kanyaga katikati, shikilia hapo, oili izifikie nundu!"

Injini ilinguruma. Oili ilimrukia Sikio usoni, naye hakupepesa. Fimbo zilipanda na kushuka, na alama nyeupe zikaanza kugeuka, hii, ile, na ile. Zilizunguka. Isipokuwa ya mwisho kabisa, nyuma.

"Vipi?" kaka alipiga kelele kutoka ndani. "Dada, vipi? Nizime?"

"Kanyaga!"

Alama ya mwisho ilitikisika. Ikajivuta. Kisha ikajiunga na wenzake, ikizunguka kama mtu aliyechelewa ngoma. Sikio akainua ngumi yake iliyojaa grisi, na wifi akapiga kelele za furaha hadi majirani wakachungulia.

Siku ya mlima, Sikio alikaa kando ya dereva, macho amefumba. Nyuma yao mawe yalijaa hadi ukingoni. Pale pa kona, mahali ambapo lori lilikuwa likikata pumzi na kurudi kinyumenyume, kaka alishikilia usukani kwa nguvu. Lori halikusita. Lilipanda likiimba sauti moja, nene, safi, hadi kileleni, ambako madereva wenzake walisimama kuangalia.

"We bwana! Nani kaifungua hiyo injini?" mmoja aliuliza.

Kaka alitoa kichwa chote dirishani. "Dada yangu!" alipaza sauti, ili hata waliokuwa chini ya mlima wasikie. "Fundi wangu ni dada yangu! Mwenye lori linalokohoa alipeleke kwake, apange foleni nyuma yangu!"