Swali la Daktari Kuhusu Uzazi wa Pili

Mtoto wa marehemu kaka yangu aliondolewa kizazi kabla hajapata mtoto. Binti yangu, mjane mwenye watoto wawili, akajitolea kumbebea mimba: yai la huyo ndugu yake, mbegu za mume wa ndugu yake, tumbo la binti yangu. Tulikaa kikao kwangu Ujiji, na mimi, kama mkubwa wa ukoo, nikalipitisha.

Kabla ya safari ya Dar es Salaam, ambako mimba ingepandikizwa, kulikuwa na uchunguzi wa awali hapa mjini. Mbebaji awe ameshazaa, umri usiwe umemtupa mkono, damu na presha viwe sawa, aridhie mwenyewe. Binti yangu alipita kote. Kisha daktari akamuuliza kama aliwahi kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua.

“Hapana,” akajibu. “Mara zote mbili nilijifungua salama.”

Hakudanganya. Kwetu mzazi haambiwi alivyoponea chupuchupu, asije akaogopa kuzaa tena. Uzazi wa pili alizimia kijijini Kidahwe, na mimi ndiye niliyempakata kwenye gari la mkaa hadi mjini, khanga zikilowa damu mapajani mwangu. Alipozinduka tulimwambia alipitiwa na usingizi.

Daktari akanigeukia. “Mzee, una la kuongeza?”

Mtoto wa kaka yangu alikuwa amenishika mkono. Nikasema sina.

Tangu hapo, binti yangu akiinama kufagia, nilikuwa natazama sakafu nyuma yake kama kuna tone. Siku mbili kabla ya safari nilikwenda sokoni Kibirizi kununua dagaa wa kuwafungia. Muuzaji akauliza nataka kiasi gani, nikamwachia dagaa wake. Nikapanda bodaboda hadi Gungu, nyumbani kwa mtoto wa kaka yangu, nikawakuta wote wawili wakipanga nguo kwenye begi. Niliyasema yote nikiwa nimesimama mlangoni.

Mtoto wa kaka yangu alikaa chini sakafuni. Aliniuliza kwa nini nilimwacha ahesabu siku. Daktari alipopigiwa simu alisema binti yangu hafai kubeba.

Binti yangu alinisindikiza hadi barabarani.

“Baba, usingeshikwa na hofu, ungeniacha niende?”

“Ningekuacha, mwanangu.”

Alisimamisha bodaboda, akamwelekeza dereva nyumbani kwangu, kisha akarudi ndani kwa mwenzake.