Mama Kimoja na Gari la Mizigo

Mtaani kwake wanamwita Mama Kimoja. Kikombe kimoja, kijiko kimoja, sufuria moja, shuka moja, na kiti hakuna. Ni mama yangu mzazi, na kabla hamjacheka niwaambie: kuwa na mama wa namna hii kunachosha, jamani.

Ukienda kumtembelea unakwenda na kikombe chako. Ukisahau, unakaa chini unamsubiri amalize chai yake, akisuuze, ndipo akumiminie na wewe. Wala haoni haya. Wifi yangu, mke wa kaka, aliwahi kumletea seti ya vikombe sita vya maua. Mama alishukuru sana, akamwombea dua ndefu, na wifi hajafika hata njia panda, vikombe vilishagawiwa majirani, kimoja kimoja. Wifi akanuna miezi miwili. Na simu za lawama alipigiwa nani? Mimi, kitindamimba, ninayeishi naye mji mmoja.

Zamani hakuwa hivi. Alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Mashuka ya wodini, magauni ya wagonjwa, mapazia, taulo. Kuloweka, kufua, kuanika, kupiga pasi, halafu kukunja wawili wawili na mwenzake, kila mmoja kashika pembe zake mbili, wanavuta mpaka shuka linalia pa! Akirudi nyumbani anatukuta sisi na baba, makabati mawili, makochi yenye vitambaa vya kufuma, na sahani za wageni ambao hawakuja kamwe. Vyote hivyo aliyevifuta vumbi ni yeye. Siku aliyostaafu, baba akiwa ameshatutoka, alivua viatu mlangoni akasema, "Nimechoka kutunza vitu." Tukadhani ni maneno ya uchovu tu. Baada ya wiki tatu makochi yalikuwa kwa watu, makabati kwa watu, na mama kahamia chumba kimoja chenye dirisha la barabarani.

Huko akaanza maisha yake. Anaoga adhuhuri, kwa sababu jua limeshampashia maji kwenye ndoo. Anakula mara mbili kwa siku, na sahani anaiosha kabla tonge la mwisho halijashuka. Saa hana. Akitaka kujua ni saa ngapi anamuuliza mpita njia dirishani, na siku hizi wengine wanamtajia hata kabla hajauliza: "Saa nne, Mama Kimoja!" Simu niliyomnunulia mimi aliigawa kwa mjane wa nyumba ya pili. Na magauni anayo mawili. La leo analivaa sawasawa, kesho analigeuza ndani nje, mishono yote nje nje, anakwenda nalo mpaka sokoni.

"Jua likilipiga upande mmoja tu, gauni linapauka vibaya," ananiambia. "Hata ya wagonjwa tulikuwa tunayageuza."

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Kwangu huna pa kukanyaga: mabaki ya vitambaa, makopo ya vifungo, nguo za watu ambao hawajazifuata tangu mwaka juzi. Mume, watoto wanne, cherehani, na mara mbili kwa wiki safari ya kwa mama kwa miguu, dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi, kwa kuwa simu ndiyo hiyo aliigawa. Kaka anaishi mji mwingine. Kazi yake ni kupiga simu kila Jumapili na kuuliza, "Mama yukoje?" Na kazi yangu ni kujibu, "Mzima."

Jumapili moja, wiki ya sare za shule, mgongo unaniuma, macho yananiwasha, mtoto analia mlangoni, simu ikaita. "Mama yukoje?"

Nikasema, "Mama amechanganyikiwa, kaka. Anatembea na gauni ndani nje. Njoo umchukue."

Sababu ya gauni nilikuwa naijua vizuri sana. Kaka akashtuka, akaanza kuuliza maswali, na mimi badala ya kurudi nyuma nikazidi kutia chumvi. Nikamwambia kuna siku ananikazia macho hanijui. Huo ulikuwa uongo mtupu. Kaka akalia kwenye simu, mwanaume mzima, akasema Jumamosi anakuja na gari la mizigo, ampeleke kwake moja kwa moja; chumba cha nyuma atakipaka rangi, ataweka kitanda na televisheni, na hatamruhusu kutoka peke yake.

Nilikuwa na siku sita za kumpigia nimwambie nimekosea. Sikupiga. Nilijua mama atanyauka kwenye chumba kile chenye televisheni. Nilijua, na bado nilikuwa nahesabu saa nitakazolala nikishaachana na ile safari ya kwenda kwake. Mungu anisamehe.

Jumamosi asubuhi nilitangulia kwa mama, nao wakafika, kaka na dereva na wapagazi wawili wenye kamba na magunia. Mama alikuwa uani anaanua shuka lake. Na kama makusudi, ilikuwa zamu ya ndani nje. Kaka alipoiona ile mishono akanitazama kwa huruma, akanishika bega. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mzigo uko wapi, bosi?" mpagazi mmoja akauliza.

"Ingieni ndani mtoe."

Wakaingia. Hazikupita dakika mbili wakatoka mikono mitupu.

"Bosi, ndani hamna kitu."

"Hamna kitu vipi?"

"Kuna mkeka na sufuria."

"Na kikombe," akaongeza mwenzake, asije akaonekana mzembe.

Kaka akamsogelea mama, akapaza sauti utadhani anaongea na mtu aliye ng'ambo ya mto. "Mama! Unanijua mimi ni nani?"

Mama akamtazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye uliyekojoa kitandani mpaka darasa la nne. Nitakusahauje, baba, na mashuka yale?"

Wapagazi wakaangua kicheko, hata dereva garini. Kaka akawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Kisha akanigeukia, taratibu.

"Si ulisema hakukumbuki?"

Wote wakaniangalia. Mama naye akaniangalia, shuka limemlalia begani. Na kaka, kwa wema wake, akanifungulia mlango wa kutokea: "Au labda leo kaamka vizuri? Wazee ndivyo walivyo. Leo hivi, kesho vile."

Ilikuwa niitikie tu. Ndiyo moja, basi. Nikabaki kimya, na kimya changu mama akakielewa anavyojua mwenyewe.

"Kama mmeshapatana, nitakwenda," akasema. Hakugomba, na ndicho kilichoniumiza. "Nipeni dakika tano nikunje shuka langu."

Tangu aishi peke yake anakunja kwa kufunga pembe mbili kwenye misumari ya mlango, halafu yeye anavuta zile mbili nyingine. Nilimwona anakwenda mlangoni. Sijui miguu yangu iliamua lini, nikajikuta nimeziwahi zile pembe kabla hazijafika kwenye misumari. Akaniambia, "Haya, vuta." Tukavuta. Shuka likalia pa! Mikono ya yule bibi, loo, nusura iniangushe. Tukakunja mara moja, akanijia na pembe zake, vidole vyake vikagusa vyangu, na uso wake ukawa karibu yangu kabisa.

"Nilidanganya," nikasema.

"Unasemaje?" kaka akauliza.

"Nilikudanganya. Mama ni mzima kuliko mimi na wewe. Gauni anageuza lisipauke. Kunisahau hajanisahau hata siku moja."

Kaka akaruka. Alifoka mpaka majirani wakachungulia. Gari amekodi, chumba amepaka rangi, kazini kaomba ruhusa, mkewe kahamisha watoto chumba! "Kwa nini? Niambie, kwa nini?"

Nilikuwa na sababu nyingi nzuri nilizozipanga kichwani wiki nzima. Hakuna hata moja iliyotoka.

"Nimechoka," nikasema. "Kaka, nimechoka." Nikakaa chini palepale uani nikalia, sikujali wapagazi wala nani. Wao, watu wa heshima, wakageuka wakawa wanakagua matairi.

Nilingoja mama anikemee. Ana ulimi, si mlimsikia.

"Ungesema hilo tu, mwanangu," akasema. "Hilo neno mimi ningekataaje kulielewa?"

Kisha akamgeukia kaka. "Na wewe, acha kelele. Nenda kwa shemeji yako ukawapikie wapwa zako chakula cha mchana."

"Mimi?"

"Kwani mikono huna? Na kuanzia mwezi huu utakuja mwenyewe kuniona, uje na kikombe chako. Usimtume mwenzio macho."

Kaka akapanda mbele kwa dereva, wapagazi wakapanda nyuma na kamba zao na magunia yao matupu, wakaondoka.

Mama akaingia ndani, akatandika mkeka, akalikunjua lile shuka tulilokuwa tumetoka kulikunja.

"Lala."

"Mama, nina sare kumi na mbili hazijapindwa."

"Lala."

Nikalala. Chumba hakina kitu cha kutazama, hakina cha kupanguswa wala cha kushonwa, ni ukuta na dirisha tu. Akanifunika shuka lake la pekee mpaka mabegani, akaenda kukaa sakafuni chini ya dirisha. Usingizi ulikuwa umeshaanza kunichukua niliposikia mpita njia anaita kwa sauti yake ya kila siku, "Mama Kimoja! Saa sa—"

"Shh!" mama akamkatiza. "Leo usinitajie saa. Mwanangu amelala."