Nyuma ya Fomu

Muuguzi wa zahanati ya bondeni, huko milimani Virginia Magharibi, ana leseni ya kutibu bila daktari. Huimba puani anaposikiliza mapafu ya mtu, na huandika kila neno la mgonjwa, fomu ikijaa huigeuza akaendelea nyuma. Delbert Stump, mgonjwa wake, alizoea kumcheka kwa hilo. Sasa alikuwa amemshtaki: moyo ulimsumbua porini nusura afe, naye aliamini kwa dhati kwamba hakuambiwa aende hospitali. Delbert akishinda, leseni ya mama yule ingekwenda.

Siku ya kuhojiwa mbele ya mawakili, muuguzi alifungua faili bila haraka, akageuza ukurasa ambao hakuna aliyekuwa ameugeuza, akasoma kwa sauti ile ile anayosomea presha: "Nimemwambia aende hospitali sasa hivi. Amejibu: 'Jumatatu msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa. Wilma akijua naumwa, ataificha bunduki. Andika kiungulia tu.'"

Wilma, mkewe, akamgeukia polepole. "Kiungulia, Delbert?"

"Kweli nilisema hivyo?"

"Mara mbili, baba," muuguzi akasema. "Ya pili sikuiandika, ilikuwa na matusi."

Delbert alicheka hadi akashika kifua. Mawakili wakaruka kutoka vitini kwa hofu, lakini muuguzi alikwishazunguka meza, vidole juu ya mshipa wa mkono wa Delbert, macho kwenye saa ya ukutani, akiimba puani.

"Moyo unapiga vizuri," akasema. "Haya, tuendelee na kesi."

"Kesi gani tena?" akasema Delbert, wala hakuuondoa mkono.