Sifa za Shefildi, Mguu wa Mshamu

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo lazima nitafute mahali pa kukaa. Nimechoka kuibeba peke yangu. Shika na wewe upande mmoja.

Mwingereza alikuwa bado anatawala, nami nilikuwa kijana niliyetoka Upare na cheti cha shule ya misheni, nikapata ukarani wa ghala katika karakana moja mjini. Nilipanga chumba Temeke. Temeke ya siku zile usiifananishe na hii. Ilikuwa minazi, mihogo na nyumba za udongo zilizoachana, na uwanja wetu wa mpira ulikuwa mchanga mtupu.

Pale ghalani, karibu kila tupa na kila kisu nilichoshika kilikuwa kimegongwa neno moja: Shefildi. Nikadhani ni jina la mwenye kiwanda. Nilipomuuliza msimamizi wetu wa Kizungu, alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku. Akasema Shefildi ni mji, tena ndio mji wake yeye, kule kaskazini ya Uingereza.

Tangu siku hiyo akawa ananisimulia wakati wa chai, kwa Kiingereza kizito kilichokuwa kinameza maneno, si kama kile cha wamisheni. Mji wa vilima, moshi wa matanuri ya chuma hauishi angani. Huko ndiko alikotokea mtu aliyegundua chuma kisichoshika kutu. Huko watu waliandika sheria za mpira wakati kwingine bado wanagombania mpira kama kuku na punje. Kuna timu mbili kubwa, na nyumba moja inaweza kugawanyika, baba huku, mama kule. Kulikuwa na golikipa wa zamani, jitu la mtu, mshambuliaji akimwona tu anakosa pa kupiga. Wakati wa vita ndege ziliuchoma mji katikati, wanawake wakaingia viwandani, kazi haikusimama.

Mie nikalewa, mwanangu. Nilikuwa nahodha wa timu yetu ya mtaani, nikaibatiza Shefildi. Wenzangu hata kulitamka hawakuweza, walisema "Shefudi". Niliwakaripia kama mwalimu.

Katika timu ile alikuwamo Mshamu, kijana wa Kizaramo, mpagazi bandarini. Alicheza winga ya kulia, pekupeku, na mchanga ule ulikuwa kama umeumbwa kwa ajili yake. Alikuwa ndiye rafiki yangu wa kwanza Dar es Salaam. Nilipofika sijui mtu, mama yake, Bi Mwanahawa, ndiye aliyenilisha mwezi mzima bila kuniuliza dini yangu wala kabila langu.

Ikapangwa mechi ya Jumapili na vijana wa Kinondoni, na msimamizi akaahidi kuja kutazama. Akasema atapiga picha aipeleke kwenye gazeti la kwao. Hapo nikapagawa. Nitawaonyeshaje watu wa Shefildi wachezaji wasio na viatu? Nikaomba njumu kuukuu kwa Wazungu waliokuwa wanacheza mjini, nikapata jozi kumi na moja. Njumu za wakati ule zilikuwa nzito, meno yake ni ya ngozi yaliyopigiliwa kwa misumari. Kila mtu akachagua. Mshamu alichelewa kutoka bandarini, akakuta jozi moja tu imebaki, tena inambana.

Mapumzikoni alinifuata akichechemea.

"Karani, mie kiatu hiki kinaning'ata. Kuna kitu kinanichoma chini. Niache nivue."

"Kumi viatu, mmoja pekupeku? Mbele ya mgeni?"

"Nitafunga, wallahi. Niache nivue tu."

"Watu wa Shefildi hawavui," nikamwambia.

Akanitazama kidogo, akarudi uwanjani. Akafunga kweli, bao pekee la siku ile. Tukambeba juu juu, picha ikapigwa, mie katikati nimeshika mpira. Baadaye alipovua, soksi ilikuwa imeloa damu. Msumari ulikuwa umetoboa soli. Nikamwambia aoshe kwa maji ya chumvi. Nilikuwa na haraka, nataka kuandika maelezo ya picha.

Wiki nzima sikwenda kumwona. Mtaa wa pili tu, mwanangu. Niliandika maelezo yale, nikafuta, nikaandika tena, natafuta Kiingereza cha kuwafaa watu wa kule.

Siku ya nane nikaitwa getini pa karakana. Bi Mwanahawa alikuwa amesimama juani, kanga yake imelowa jasho. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika.

"Mguu wa mwenzio unanuka," alisema. "Mganga kashindwa. Mwenyewe Mshamu kanikataza nisije kukusumbua, ati una kazi kubwa."

Akaendelea, wala hakupaza sauti.

"Alikwambia kiatu kinamchoma?"

"Aliniambia, mama."

"Na akaendelea kukivaa?"

"Nilimwambia asivue."

"Basi mwanangu alikuamini wewe kuliko mguu wake mwenyewe. Ni hilo tu nililotaka kulijua."

Sijawahi kupigwa kofi likaniuma kama maneno yale. Nikakimbia kwa msimamizi, naye akatoa gari lake, tukamchukua Mshamu mpaka hospitali ya mjini. Homa imempanda, anaweweseka, kichwa chake mapajani mwa mama yake. Madaktari waliukata mguu ule nusu ya wayo, ndipo uhai wake ukapona.

Tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, Mzungu yule aliniuliza kisa, nikamweleza chote.

"Baba yangu alikuwa mnoaji wa visu," akasema. "Anainamia jiwe la kunolea toka utotoni. Vumbi la jiwe likamla mapafu, akafa bado kijana, kama wenzake wengi. Visu vya Shefildi unavijua wewe, anavijua kila mtu. Nani anamjua baba yangu? Nilikusimulia sifa za mji, Karani. Kosa langu. Sikukusimulia zililipiwa na nani."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Miezi ikapita. Mshamu akatoka, akajifunza kutembea na gongo, akaanza kusuka makuti ya kuuza kwa waezekaji. Kisha gazeti likaja. Nikaenda nalo kwao, miguu mizito. Akaliweka mapajani, akaitazama picha sana.

"Nisomee."

Nikasoma. Lilikuwamo jina langu, nahodha na karani. Lilikuwamo jina la msimamizi. Maneno ni yangu mwenyewe, yale niliyoyaandika wiki ile.

"Na bao? Wameandika kafunga nani?"

"Wameandika... winga wa Temeke."

Alicheka taratibu, akanipigapiga begani. "Basi ni mie huyo," akasema. Mama yake alikuwa mlangoni anachambua mchele. Hakuinua uso.

Mshamu alinisamehe, mwanangu, na tulizikiana wazazi, na watoto wetu wamekua pamoja. Lakini msamaha wa aliyeumia haukuondolei ulichokifanya. Unakufundisha tu kutembea nacho.

Sasa nisikilize. Mji wa watu upende ukipenda, soma habari za mashujaa wake, jifunze mchezo wao. Elimu haina mwenyewe. Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Ukiona jambo linang'aa, uliza ni nani aliyeinama ili ling'ae. Ukiandika habari, andika jina la aliyetoka jasho kabla ya lako. Na mtu akikwambia pananiuma, usimjibu kwa kumtajia watu wa mbali. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Piga magoti umvue kiatu. Ukiwa umekosea, usingoje siku ya nane.

Nimesema, nimechoka. Mungu akupe jicho la kumwona aliye karibu yako, akupe na marafiki wanaokuamini, kisha akujalie usiwagharimu kitu. Nenda salama, mwanangu, na uendako watu wafurahi kwamba umefika.