Mume wangu amekamatwa na sare za kwaya, sasa sijui kesi yake ni ya korti gani

Wakuu, poleni na mahangaiko. Mie ni mama wa Kashojwa, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Mkongomani wa Kivu ya Kusini. Hii sikuisikia kwa umbea wa njiani, imenipata mu nyumba yangu mwenyewe, na nikidanganya Mungu ananiona.

Mume wangu, Baba Neema, anaongoza kwaya ya kanisa letu.

Kwetu kwaya bila sare si kwaya. Hata muimbe kama malaika, bantu watauliza mulivaa nini.

Safari hii walitunga wimbo wa Yoshua na kuta za Yeriko, wauimbe wakipiga gwaride. Baba Neema akapata sokoni kitambaa cha mabaka ya kijani, fundi akashona, na kofia pia. Alipovaa alipendeza, siwafichi. Mchungaji akaziombea zile sare mbele ya kanisa lote. Hakuna aliyewaza mabaya.

Basi wakaalikwa kuimba Kakoba, kule Mbarara. Wenzake walivaa nguo za kawaida, yeye akajivalia sare toka asubuhi na zingine akazibeba mu mfuko. Maringo yake nayajua mimi!

Njiani polisi wakasimamisha gari. Wenzake wakaachiliwa, yeye na mfuko wake wakapelekwa kituoni Mbarara. Kosa: kuwa na nguo zinazofanana na za jeshi.

Nikaambiwa kesi kama hiyo inaweza kwenda korti ya kijeshi. Tulikimbia askari kule kwetu, leo mume wangu ahukumiwe na askari juu ya wimbo?

Nikaenda kule kituoni na mchungaji. Yeye alikuwa na amani kabisa. Akasema mahakama ya juu kabisa ya Uganda ilishakata shauri: civil, yaani raia asiye askari, hahukumiwi na wanajeshi. Nikapumua.

Afande wa pale kituoni akasema ni kweli, lakini bunge baadaye lilipitisha sheria nyingine, na kuna makosa ambayo civil bado anaweza kupelekwa kule.

Mchungaji akajibu kwamba hata hiyo sheria mpya kuna watu wanaipinga kortini. Wakabishana pale, mie naangalia huyu, naangalia yule, kichwa kinazunguka.

Nikauliza, "Afande, sasa leo ni ipi inafanya kazi?"

Yule baba hakuwa mbaya. Akanijibu polepole, "Mama, mimi najua hii ni nguo ya kuimba. Lakini korti yake, hata mimi nangoja kuambiwa."

Wakamwachia kwa bondi, ile dhamana ya polisi. Sare zimebaki kwao, na yeye lazima arudi kuripoti mpaka wakubwa waamue.

Funzo langu ni hili: wanakwaya wenzangu wakimbizi, msishone mabaka hata kama mnamwimbia Bwana. Hayo mengine sijayaelewa, nisiwadanganye.

Wenye kujua sheria, mnielezee kwa lugha nyepesi: mtu kama huyu, kesi yake inaenda fasi gani? Na msinicheke, nina hasira za karibu.

Maana siku ya kuripoti Baba Neema anavaa shati la shamba, ananiachia simu, ananiachia pete ya ndoa, kisha ananiambia nisipike chakula chake mpaka nimwone mlangoni.