Maneno ya Mama Furaha Niliyoyapindua

Jamani, nilimdhulumu mtu, na pa kulisemea sina ila hapa.

Miaka ya tisini nilikuwa London, mwanafunzi wa elimu ya miamba. Nilikuwa nikiyapanga mawe ya pwani ya kwetu Pemba: mchanga na matope ya kale yaliyogandana yakawa mwamba, tabaka juu ya tabaka. Tabaka jipya hupewa jina la mahali lilipoonekana. Mie nilitaka langu liitwe kwa jina la kijiji alikozaliwa mama yangu.

Asubuhi moja nikaziangusha trei mbili. Mawe yakachanganyika, la chini na la juu sikuyajua tena. Namba nilikuwa nimeziandika kwenye trei, si kwenye mawe. Uvivu wangu!

Profesa akauliza, "Nani kazigusa hizi?"

"Labda yule mama wa usafi." Wallahi, ulimi haukunitetemeka!

Yule mama wa usafi alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu. Alikuwa akiniletea sombe, kisamvu cha kwao, kwenye kopo kwa kuwa pale chuoni mie tu ndiye niliyejua Kiswahili. Alipoitwa na msimamizi wake, alilia.

"Mi sikugusa ile mawe, Mungu ananiona!" Akanigeukia. "Mtoto wangu, uwaelezee kwa Kiingereza."

Nikawaelezea: "Anasema hakumbuki."

Ee Mola wangu! Maneno mawili tu!

Akafukuzwa wiki ile ile. Mie nikayapanga mawe kwa kukisia, na jina nikalipata. Miaka baadaye mtafiti mwingine akaenda Pemba, akakuta tabaka la juu nimeliweka chini. Jina likafutwa. Nilistahili.

Lakini hilo haliniumi kama hili. Nilimfuata Mama Furaha kanisani kwao, Hayes, pembeni mwa London, nikamwombe radhi. Akanikumbatia mbele ya watu: "Huyu mtoto ndiye alinisemea ile siku!"

Nikafuatana naye hadi nyumbani kwake. Nikala wali wake, nikaaga, radhi sijaiomba.

Ilipita miaka miwili ndipo nikajikaza kurudi. Binti yake akanifungulia mlango, akanambia kwa Kiingereza kwamba mama yake wamemzika mwezi uliopita.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu umemsingizia na bado yu hai, inuka ukamwambie. Usingoje ujasiri, hauji. Akutukane, akupige, akufukuze, yote heri. Mie wangu amekufa akinishukuru.